Jina la bandia, vidakuzi na matangazo yanayokufuata: jibu kwa msomaji wa Morogoro

Msomaji mmoja wa Morogoro, ambaye ameomba asitajwe, ameniandikia hivi: "Kwa miaka miwili nimekuwa mwanachama wa jukwaa la mtandaoni la wanawake wanaotafuta mtoto. Nilijiandikisha kwa jina la bandia na humo hakuna ninayemfahamu. Mwezi uliopita nilisoma kwa siku kadhaa mada za uvimbe kwenye kizazi, na tangu hapo matangazo ya kliniki za uzazi na ya dawa za asili hunijia kila ninapofungua gazeti mtandaoni, hata kwenye kompyuta ya mume wangu ambayo sijawahi kuitumia kuingia jukwaani. Kila mara jukwaa huniuliza kama nakubali vidakuzi, nami hubofya 'Kubali zote' ili nipate kusoma. Je, ndiyo sababu? Na je, kuna mtu anayejua kwamba yule wa jukwaani ni mimi?"

Dada yangu, barua yako ina maswali mawili yaliyofungwa kwenye kitambaa kimoja, na inafaa kuyafungua moja moja kwa sababu dawa ya hili haitibu lile. Kwa ufupi, kubofya "Kubali zote" yaelekea sana ndiko kulikoyafungulia matangazo hayo mlango, ingawa kidakuzi chenyewe hakikubeba jina lako kwenda kokote. Na ndiyo, wako wanaoweza kukujua. Jina la bandia linakusitiri kwa wanachama wenzako, lakini halikusitiri kwa mwenye jukwaa, wala kwa kampuni ambazo yeye amezikaribisha ndani ya kurasa zake bila wewe kuziona.

Nianze na kidakuzi, ambacho wengine hukiita kuki. Neno lenyewe linanukia udaku, jambo ambalo nadhani limewafanya wengi wakiogope kuliko kinavyostahili, na wasiwaogope wanaokitumia kadiri wanavyostahili. Mazungumzo kati ya kivinjari chako, yaani programu unayofungulia kurasa, na seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti, yana tabia moja ya ajabu, nayo ni kwamba hayana kumbukumbu. Kila unapofungua ukurasa, seva hukupokea kama mgeni ambaye haijapata kumwona, hata kama ulikuwa hapo sekunde mbili zilizopita. Mwaka 1994, Lou Montulli, mhandisi kijana wa kampuni ya Netscape, alitafuta njia ya kuliwezesha duka la mtandaoni likumbuke vitu ambavyo mteja amekwisha kuviweka kapuni, bila duka lenyewe kubeba mzigo wa kutunza kumbukumbu ya kila mpita njia. Alichobuni ni kwamba seva impe mgeni kipande kifupi cha maandishi, kivinjari kikitunze, na kila mgeni anaporudi kikionyeshe. Ni kama kile kibao cha namba unachopewa mlangoni mwa supamaketi unapoacha mkoba: kibao hakijui jina lako wala kilichomo mkobani, lakini anayekaa kaunta akikiona anajua avute mkoba upi.

Ukiingia jukwaani kwa nywila yako, seva hurudisha mstari unaofanana na huu:

Set-Cookie: kikao=8f3a91c2d7; Max-Age=2592000; Secure; HttpOnly; SameSite=Lax

Neno la kwanza baada ya nukta mbili ni jina la kidakuzi, na herufi na tarakimu zinazofuata alama ya sawasawa hazina maana yoyote zenyewe. Zimechaguliwa kwa kubahatisha ili mtu mwingine asiweze kuzikisia. Tarakimu 2592000 ni sekunde, yaani siku 30, na ndiyo sababu hulazimiki kuandika nywila kila asubuhi. Maneno yanayofuata ni masharti: kidakuzi kisafirishwe tu kwa njia iliyosimbwa, yaani iliyofungwa kwa maandishi ya siri, kisisomwe na programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya ukurasa, na kisitumwe pale tovuti nyingine inapoliita jukwaa kwa chinichini. Katika mstari wote huo hakuna jina lako, hakuna namba yako ya simu, wala hakuna uvimbe. Kinachokufahamu ni jedwali lililoko kwenye seva, ambamo mfululizo huo umeandikwa kando ya akaunti yako. Kidakuzi cha namna hii ukikikataa, jukwaa halitaweza kukutambua kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, na hutaweza kuandika chochote. Hatari yake ni moja tu, kwamba atakayekipata anaweza kuingia kama wewe bila kujua nywila yako, na hiyo inazuilika kwa kubofya "Toka" kila unapotumia kifaa kisicho chako.

Matangazo yanayokufuata hayakutoka huko. Yalitoka kwa vidakuzi vya jamii nyingine, ambavyo havikuwekwa na jukwaa bali na wageni wa jukwaa. Ukurasa wa tovuti unaonekana kama kitu kimoja, lakini kwa kweli umeandaliwa kama shughuli ya harusi. Mwenye shughuli ni mmoja, ila mapambo yana mwenyewe, muziki una mwenyewe, vyombo na viti vimekodiwa, na kila mmoja wa hao ameingia ukumbini na vijana wake. Kivinjari chako, kinapofungua mada moja ya jukwaa, huagiza maandishi kwa seva ya jukwaa, herufi za mapambo kwa kampuni ya pili, takwimu za wasomaji kwa kampuni ya tatu, kitufe cha kusambaza kwa ya nne, na matangazo kwa ya tano, ambayo nayo huwaita marafiki zake. Kila mmoja kati ya hao anaweza kukupa kibao chake cha namba. Na kwa kuwa kampuni ileile ya matangazo imekodiwa pia kwenye gazeti unalosoma, kwenye tovuti ya mapishi na kwenye tovuti ya matokeo ya mpira, kila unapoingia kwenye shughuli hizo unaonyesha kibao kilekile, nayo inaandika: huyu tumemwona jana, kule kwa wanawake wanaotafuta mtoto.

Niliwahi kusimamia seva ya jukwaa dogo la wafugaji wa kuku, na nililipokea likiwa limejengwa na mtu mwingine. Siku moja wanachama walilalamika kwamba kurasa zinafunguka polepole na kumaliza bando. Nikafungua kidirisha cha kivinjari kinachoorodhesha kila seva inayoitwa na ukurasa, nikitarajia kuona mbili au tatu, nikakuta kumi na saba. Nyingi kati yao ziliingia kupitia kitufe kimoja cha kusambaza mada kwenye mitandao ya kijamii, kitufe cha bure ambacho mwenzangu alikibandika miaka mingi kabla bila kuuliza kwa nini ni cha bure. Hakuwa mtu mbaya. Wenye majukwaa wengi wa huku kwetu ni watu wa kujitolea, na wanaotoa siri za wanachama wao mara nyingi hawajui kama wanazitoa.

Kwako wewe jambo lililo zito ni kile ambacho mgeni huyo anakisoma akiwa ndani. Mada za majukwaa huwa na anwani zinazojieleza, kwa mfano /mada/uvimbe-kwenye-kizazi-na-kushika-mimba.4182, kwa hiyo anayeipata anwani hahitaji kusoma hata sentensi moja ya ulichoandika. Siku hizi vivinjari vikubwa vimepunguza uvujaji huu kidogo: picha ikiagizwa kutoka seva ya nje, seva hiyo kwa kawaida huambiwa jina la tovuti tu, si anwani kamili ya mada. Lakini kampuni nyingi za takwimu na matangazo hazitumii picha tupu. Huweka programu ndogo ndani ya ukurasa wenyewe, na programu hiyo, ikishakaribishwa, huisoma anwani yote, kichwa cha mada, na wakati mwingine hata vitufe unavyobofya. Huko ndiko lebo yako ilikozaliwa. Hapakuwa na mtu aliyekaa akakusoma. Mashine ilihesabu kwamba kibao namba fulani kimefungua mada tisa za uvimbe ndani ya siku nne, ikakiweka kwenye fungu la watu wa kuuziwa huduma za uzazi.

Unapofungua gazeti, nafasi ya tangazo juu ya habari hupigwa mnada kabla ukurasa haujamaliza kufunguka, na wanunuzi hupewa maelezo ya anayesoma ili wajue wapandishe bei au wapite. Kliniki iliyokutokea haikujui wewe. Imelipia lebo. Itakujua siku utakapobofya tangazo lake na kujaza jina na namba ya simu kwenye fomu, na hapo ndipo kibao na jina vitakapokutana kwa mara ya kwanza. Nakusihi usijaze, hasa kwa wale wa dawa za asili ambao namba yako wataipiga kwa miezi.

Usidhani kwamba haya ni mashaka ya mafundi. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilifikia makubaliano na kampuni ya programu ya kufuatilia hedhi iitwayo Flo, baada ya kuishutumu kwamba iliwaahidi wanawake faragha huku taarifa za afya zao zikipelekwa kwa kampuni za takwimu, zikiwamo Facebook na Google. Mwaka 2023 tume hiyohiyo iliichukulia hatua programu ya Premom, ambayo wanawake huitumia kujua siku za kupata mimba, na huduma ya ushauri nasaha ya BetterHelp, ambayo ilitakiwa kulipa dola milioni 7.8 kwa kupeleka taarifa za wateja wake kwa Facebook, Snapchat na wengine kwa ajili ya matangazo. Kesi ninayoiona kuwa karibu zaidi na yako, hata hivyo, ni ya Norway. Desemba 2021, mamlaka ya nchi hiyo ya ulinzi wa data iliitoza programu ya kutafutana wapenzi ya Grindr, inayotumiwa hasa na wanaume wanaopenda wanaume, faini ya kroner milioni 65 kwa kuwapa watangazaji taarifa za watumiaji bila ridhaa halali, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba kujulikana tu kuwa mtu anaitumia programu hiyo ni kufichua jambo nyeti la maisha yake. Majukwaa kama lako yako katika hali hiyohiyo. Hata usipoandika neno, uanachama wenyewe ni siri.

Kuhusu kompyuta ya mume wako, kuna njia mbili za kawaida ambazo tangazo linaweza kuvukia. Ya kwanza ni nyumba kutumia Wi-Fi moja: vifaa vyote vya nyumbani huonekana kwa nje kwa anwani moja ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wa mtandao, na watangazaji huchukulia kwamba walio chini ya anwani moja ni kaya moja. Hiyo inaudhi, lakini haimwambii mume wako chochote isipokuwa kwamba kuna kliniki inayojitangaza. Ya pili ni kwamba akaunti moja ya Google imefunguliwa kwenye simu yako na kwenye kompyuta yake, labda siku mlipoitumia kuchapisha nyaraka au kusoma barua pepe. Hapo ningekuomba uangalie leo hii, si kwa sababu ya matangazo. Kama akaunti hiyo imewashiwa ulandanishaji wa kivinjari, yaani kuoanisha taarifa za vifaa vyake vyote, historia ya kurasa ulizofungua kwenye simu inaonekana pia kwenye kompyuta, na vichwa vya mada vimeorodheshwa humo kwa tarehe na saa. Angalia ile picha ndogo ya akaunti kwenye kona ya juu ya kivinjari cha kompyuta. Ikiwa ni yako, iondoe. Watu huhangaika na kampuni za ng'ambo na kusahau kwamba anayeweza kuijua siri yao kwa urahisi kuliko wote analala nao chumba kimoja. Sikusudii kusema lolote kuhusu ndoa yako. Nasema kwamba uamuzi wa nani aambiwe, na lini, ni wako, na kompyuta isikutangulie.

Sasa lile bango la "Kubali zote". Lilizaliwa Ulaya, kutokana na maelekezo ya Umoja wa Ulaya kuhusu faragha ya mawasiliano ya mwaka 2002, yaliyofanyiwa marekebisho mwaka 2009, na likaenea duniani baada ya kanuni kuu ya ulinzi wa data ya Umoja huo kuanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Kwa sheria za huko, ridhaa ya kweli ni ile ya mtu aliyechagua kwa hiari na kwa kuelewa. Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika shauri la kampuni ya Planet49, kwamba kisanduku kilichokwisha kuwekewa alama ya tiki kabla mtu hajafika si ridhaa. Mwanzoni mwa 2022 mamlaka ya Ufaransa ikatangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kukubali vidakuzi kulihitaji mbofyo mmoja huku kukataa kukihitaji kadhaa. Mabango mengi tunayoyaona kwenye tovuti za huku yamenakiliwa tu kutoka kwenye violezo vya programu za majukwaa, na mara nyingi yamenakiliwa vibaya: kuna kitufe kikubwa cha kijani cha kukubali, na neno dogo la kijivu linaloitwa "Mipangilio". Libofye hilo neno la kijivu. Ndani yake utakuta vidakuzi vya lazima, ambavyo uviache, na vya takwimu na matangazo, ambavyo uvizime. Kama bango halina njia ya kukataa kabisa, hiyo ni taarifa tosha kuhusu aliyelitengeneza.

Hapa nyumbani hatuna sheria inayokitaja kidakuzi kwa jina lake, lakini zipo sheria zinazokigusa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyozinduliwa rasmi Aprili 2024. Sheria hiyo inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, zenye ulinzi mkali zaidi, na inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwenye Tume. Kenya ilitangulia kwa sheria yake ya 2019, ambayo katika kueleza ni nani anayetambulika imevitaja vitambulisho vya mtandaoni, kwa hiyo huko hoja kwamba kibao cha namba si taarifa ya mtu haiwezi kusimama kirahisi. Kamishna wa data wa Kenya, Immaculate Kassait, ameshaonyesha kwamba sheria ile si pambo: Septemba 2023 ofisi yake ilitoza faini taasisi tatu, ikiwamo shule moja iliyochapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, iliyotakiwa kulipa shilingi 4,550,000 za Kenya.

Vivinjari vyenyewe vimefanya kazi kubwa kuliko mabango yote. Kivinjari cha Safari cha Apple kimekuwa kikizuia vidakuzi vyote vya wahusika wengine, yaani wale wageni wa ukurasa, tangu Machi 2020, na Firefox huzuia vya wafuatiliaji wanaojulikana bila wewe kugusa chochote. Chrome, ambayo ndiyo iliyomo kwenye simu nyingi za Android tunazotumia, ilitangaza mwaka 2020 kwamba itaviondoa ndani ya miaka miwili, ikaahirisha mara kadhaa, na hatimaye ikaghairi. Mwenye kivinjari hicho ni muuzaji mkubwa wa matangazo, nawe utafikia hitimisho lako. Kwa hiyo fungua mipangilio ya Chrome, sehemu ya faragha na usalama, tafuta palipoandikwa kuhusu vidakuzi vya wengine, na uchague kuvizuia. Halafu futa vile vilivyokwisha kuwekwa, maana kuzuia vipya hakufuti vya zamani. Vinginevyo, tumia Firefox kwa ajili ya jukwaa hilo tu, na Chrome kwa mengine yote. Mimi mwenyewe hufanya hivyo, na kutenganisha huku kumenisaidia kuliko hila nyingine yoyote. Dirisha la faragha nalo husaidia kiasi, kwa kuwa hufuta vidakuzi unapolifunga, ila halimfichi mtu kwa kampuni ya simu wala kwa tovuti anayoingia. Google yenyewe, kumaliza shauri lililofunguliwa mwaka 2020, ilikubali mwaka 2024 kuharibu mabilioni ya kumbukumbu zilizotokana na watu waliokuwa wakivinjari ndani ya dirisha hilo.

Nije kwenye swali lako la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa. Tuseme umezuia vidakuzi vyote vya wageni. Nani bado anakujua?

Mwenye jukwaa anakujua zaidi ya unavyodhani. Katika programu nyingi za majukwaa, kwenye kila bandiko kuna kitufe kidogo ambacho wewe hukioni lakini msimamizi anakiona, na akikibofya hupata anwani ya IP uliyoandikia, na orodha ya akaunti nyingine zilizowahi kutumia anwani hiyo. Kimewekwa kwa nia njema, ili matapeli wanaofungua akaunti kumi kumi wabainike. Ana pia barua pepe uliyojiandikishia, tarehe na saa ulizoingia, na katika programu nyingi ujumbe wa faragha kati ya wanachama hutunzwa kwenye hifadhidata bila kusimbwa, maana yake ni kwamba mwenye seva akitaka kuusoma anaweza. Kama barua pepe hiyo ina jina lako la kweli, au ndiyo uliyofungulia akaunti zako nyingine, basi jina la bandia limebaki kuwa kanga nyepesi.

Anwani ya IP peke yake haimtaji mtu. Kampuni zetu za simu huwapitisha wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kwa hiyo mwenye jukwaa akiitazama ataona kampuni yako na labda mkoa. Lakini kampuni ya simu, ikipewa anwani hiyo pamoja na muda kamili, ina uwezo wa kutafuta ni laini ipi iliyokuwa ikiitumia, na laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa tangu zoezi lililofikia kikomo Januari 2020. Kutoka jina lako la bandia hadi kidole chako kuna hatua mbili tu, na milango ya hatua hizo mbili inashikwa na mwenye jukwaa na kampuni ya simu.

Ndiyo maana tabia ya mwenye jukwaa ina uzito kuliko bango lake lolote. Nchini kwetu tuna mfano unaofahamika. Desemba 2016, Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, alikamatwa na kufikishwa katika Mahakama ya Kisutu, na miongoni mwa mashtaka yake yalikuwamo ya kuzuia uchunguzi wa polisi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa sababu ya kutowapa polisi taarifa za wanachama walioandika kwa majina ya bandia. Aprili 2020 alitiwa hatiani katika mojawapo ya mashauri hayo na kuamriwa kulipa faini. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu kesi ile. Ninachotaka ukione ni kwamba wanachama wale hawakulindwa na majina yao ya bandia, walilindwa na mtu mmoja aliyekubali kusimama kizimbani. Wa kwako angefanya hivyo? Na tusiangalie serikali peke yake. Jukwaa dogo huweza kuuzwa pamoja na hifadhidata yake yote, au kudukuliwa kwa sababu halijasasishwa kwa miaka mitatu, na hapo hata msimamizi mwenye msimamo wa chuma hawezi kukusaidia.

Kuna mtoboa siri mwingine ambaye hana uhusiano na teknolojia, nawe unamlisha mwenyewe. Mwaka 2006 kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani, kwa ajili ya watafiti, maneno ambayo watumiaji wake zaidi ya 650,000 walikuwa wameyatafuta kwa miezi mitatu, baada ya kuondoa majina na kuweka namba. Waandishi wa habari walichukua namba moja, wakasoma alichokuwa akikitafuta, wakafika hadi mlangoni kwa mhusika. Mabandiko ya miaka miwili ni hazina kubwa kuliko hiyo. Mara moja umetaja Morogoro, mara nyingine hospitali uliyofanyiwa vipimo, mwaka wa ndoa yako, kazi ya mume wako, wifi yako anayekusema. Hakuna kimoja kinachokutaja, lakini shemeji yako akiyasoma yote kwa usiku mmoja atakutambua kabla ya alfajiri, bila kuhitaji kidakuzi hata kimoja.

Ushauri wangu, basi, haukutaki uondoke jukwaani. Faraja unayoipata kwa wanawake wenzako ina thamani, nami nisingependa woga ukunyime. Fungua barua pepe mpya isiyo na jina lako wala namba ya simu unayoitumia kila siku, kisha ibadilishe kwenye akaunti yako ya jukwaa. Pitia mabandiko yako ya zamani na uhariri yanayotaja mahali, tarehe na watu. Mengi ya majukwaa yanaruhusu kuhariri kwa muda fulani tu, na ukikuta muda umepita, mwandikie msimamizi akufanyie. Katika barua hiyohiyo mwulize kwa adabu mambo matatu: ni kampuni zipi za nje zimewekwa ndani ya kurasa za jukwaa, anwani za IP hutunzwa kwa muda gani kabla ya kufutwa, na ujumbe wa faragha unasomeka na nani. Msimamizi makini atajibu kwa aya moja, na huenda atakushukuru, kama mimi nilivyowashukuru wale wafugaji waliolalamikia bando. Akikaa kimya, au akijibu kwamba mambo hayo hayakuhusu, unaweza kupeleka malalamiko yako kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo hupokea malalamiko ya watu binafsi. Ambatanisha nakala ya barua uliyomwandikia na, ikiwa lile bango halina kitufe cha kukataa, picha yake.